Vitenge Sita na Kauli: Jinsi Bibi Yangu Alivyojenga Biashara ya Nguo Ujiji

Watu wa Kigoma wanaolifahamu duka letu la vitenge pale Mwanga huniuliza swali moja kwa namna nyingi: mtaji wa kwanza ulitoka wapi? Wengine huuliza kwa nia njema, kwa sababu nao wanataka kuanza. Wengine huuliza wakiwa tayari na jibu lao, kwamba mwanamke aliyevuka ziwa kutoka Kongo na mtoto mgongoni hawezi kufikia kuuza nguo kwa jumla mpaka Kasulu, Kibondo na Mpanda bila magendo, au bila kitu kilichozikwa chini ya kizingiti. Bibi yangu amekwisha kutangulia mbele ya haki, na mimi ndiye niliyemshikia daftari kwa miaka mingi, kwa hiyo nadhani nina haki ya kujibu. Mtaji wake wa kwanza ulikuwa vitenge sita, na vilipokwisha hivyo sita, mtaji wake ulikuwa kauli yake.

Alizaliwa Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Filtisaf, kiwanda kikubwa cha nyuzi na nguo cha mji huo, na kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mitambo ya kufumia akiunga nyuzi zilizokatika. Bibi mwenyewe hakuwahi kuajiriwa pale, lakini alikulia katika nyumba ambayo baba alirudi jioni akiwa na pamba kwenye nyusi, akakaa barazani na kuwaonyesha watoto kipande cha nguo kilichokataliwa, akiwafundisha kuona kwa kidole mahali uzi mmoja ulipokosea njia. Mimi nilimkuta akiwa mzee, macho yamepungua nuru, na bado aliweza kupitisha kidole gumba juu ya jora lililokunjuliwa na kusimama palepale penye kasoro.

Juni 1964 waasi wa Simba waliuteka mji wao, na mwishoni mwa Agosti majeshi ya serikali yakaurudisha. Katikati ya miezi hiyo miwili Bibi, mumewe aliyekuwa fundi wa mitumbwi, na mama yangu aliyekuwa bado ananyonya, waliondoka usiku kwa mtumbwi wakielekea upande wa Tanganyika. Hakupenda kusimulia safari hiyo, nami sitaijazia maneno ambayo hakuyasema. Alichokuwa akikitaja ni furushi lake tu. Ndani yake mlikuwa na vitenge sita vya mahari yake, vya waksi, ambavyo alikuwa hajavivaa hata mara moja kwa sababu alikuwa akivitunza kwa ajili ya sikukuu.

Ujiji haikuwa nchi ya ugenini kabisa kwake. Mji huu umejaa Wamanyema, Wagoma, Wabwari na Waholoholo ambao mababu zao walivuka maji zamani, na katika mtaa aliofikia alikuta wanawake wanaojua jina la kijiji cha bibi yake. Hata hivyo alikuwa mgeni, na lugha ndiyo iliyomwonyesha hivyo mapema. Huko kwao watu walisalimiana kwa jambo, wadogo kwa wakubwa; hapa akaonekana hana adabu mpaka alipozoea shikamoo. Siku ya kwanza alipoamua kuuza kitenge kimoja ili wapate unga, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba ana bikwembe bizuri. Kwa Kiswahili cha Kalemie kikwembe ni nguo ya heshima ya mwanamke, nguo ya kwenda nayo harusini. Kwa Kiswahili cha Ujiji vikwembe ni matambara. Wanawake walimhurumia, mmoja akampa kibaba cha mchele, na hakuna aliyefungua furushi. Alirudi nyumbani na kitenge chake na mchele wa sadaka, na alipolieleza jambo hilo miaka thelathini baadaye bado sauti yake ilibadilika. Kesho yake alitoka tena, akiwa amekivaa kile kitenge, bila kutangaza neno lolote. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekiuza.

Vitenge vyote sita viliuzwa hivyo, kimoja kimoja, kwa muda wa miezi kadhaa, na fedha yake iliishia katika chakula na kodi ya chumba. Hili nalisisitiza kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba vile sita vilizaa kumi na viwili. Havikuzaa. Viliwalisha, na vilipokwisha hakuwa na kitu, isipokuwa kwamba wanawake wa mitaa mitatu walikuwa wameshamjua kama mtu anayefahamu nguo, asiyedanganya juu ya rangi itakayochuja na ile isiyochuja.

Sifa hiyo ndiyo iliyofika katika duka la Mhindi mmoja wa Ujiji, mfanyabiashara wa kaniki, khanga na nyuzi, ambaye naye baba yake alikuja nchini kwa jahazi. Alimwita, akampa doti kumi za khanga, akamwambia azipeleke, na atakaporudi na fedha atapewa nyingine. Hakuandika chochote zaidi ya idadi. Hiyo ndiyo tunayoiita mali kauli: unachukua mzigo leo kwa neno la mdomo, unauza, unarudisha fedha ya mwenye mali na unabaki na faida yako. Mwenyeji mwenye shamba la michikichi au nyumba ya urithi angeweza kuweka rehani. Mgeni hana cha kuweka. Ana uso wake na siku aliyoahidi kurudi. Bibi alisema zile doti kumi alizibeba kichwani kama mtu aliyebeba mayai, na siku aliyoahidi ilipofika alikuwa ameuza saba tu, akarudi na fedha ya saba na zile tatu zikiwa katika mkunjo wake wa dukani, hazina hata alama ya jasho. Yule Mhindi alizihesabu, akamrudishia zile tatu, akamwongezea kumi na mbili.

Nilipoanza baadaye kusoma habari za biashara ya kale ya mji wetu, niliona kwamba njia hiyo ilikanyagwa muda mrefu kabla yake. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora, na nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani: merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichochukua jina la Marekani kilikofumwa, na kaniki, kitambaa cheusi cha nili kilichotoka India. Wapagazi walilipwa nguo, na hongo ya watemi ililipwa nguo. Wengi wa wenye misafara hawakuwa na mali yao. Walichukua bidhaa kwa matajiri wa Unguja na Bagamoyo wakaahidi pembe za ndovu, kama Tippu Tip alivyochukua kwa Taria Topan. Miongoni mwa waliopanda kwa ngazi hiyo yumo Allidina Visram, aliyefika Bagamoyo kutoka Kutch akiwa bado mvulana, akatumika chini ya Sewa Haji Paroo, kisha akawa na misafara yake na maduka yake ya bara, Tabora na Ujiji yakiwemo, na kabla hajafariki mwaka 1916 alikuwa ameenea mpaka Uganda na kuingia katika biashara ya pamba. Sisemi kwamba biashara ile ilikuwa safi, maana pembe na watumwa vilitembea njia moja, na hapa Ujiji hatuna ruhusa ya kulisahau hilo. Ninachosema ni kwamba nguo iliyomfikia mwanamke wa Buha ilipita katika mikono ya watu wengi waliokuwa wageni wote, na kilichowaunganisha kilikuwa ahadi.

Khanga zenyewe zilimpa Bibi masomo ambayo kiwanda cha baba yake hakikumpa. Kwao nguo ilichaguliwa kwa ua na rangi. Huku khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na mnunuzi huanza na jina. Bibi hakujua kusoma. Akawa anaambiwa jina la kila khanga dukani na kulihifadhi kwa kulifungamanisha na ua lake, hata akaweza kubeba majina arobaini kichwani bila kukosea. Mara moja tu alikosea jambo kubwa: alimuuzia mama mmoja wa Gungu khanga iliyoandikwa Hasidi hana sababu, bila kumuuliza inakwenda kwa nani, na ikapelekwa zawadi kwa mke mwenza aliyejifungua. Ugomvi wake uliingia barazani kwa wazee. Tangu siku hiyo kabla ya kukunjua khanga yoyote aliuliza kwanza: «Inaenda kwa nani, mwanangu?» Nami alinifundisha kuuliza hivyo, na ninakiri kwamba swali hilo limeniuzia nguo nyingi kuliko bei yoyote niliyowahi kupunguza.

Alipokwenda mbali zaidi ya mjini ndipo alipokuta kwamba kauli inafanya kazi pande mbili. Yeye alikuwa amekopeshwa, na wanunuzi wake nao hawakuwa na fedha taslimu ila kwa majira. Wake za wavuvi wa dagaa walikuwa na fedha wakati wa giza, mitumbwi inapotoka na karabai kuwavuta dagaa kwenye mwanga. Mbalamwezi ikiingia, wavuvi hulala pwani, nyavu huanikwa, na nyumbani hakuna senti. Wanawake wa Kalinzi na Manyovu walisubiri kahawa. Wale wa Simbo walisubiri mawese. Kwa hiyo kalenda yake ya madeni ilikuwa juu mbinguni na mashambani. Alijua ni nani asidaiwe wiki hii hata kama siku yake imepita, kwa sababu mwezi umejaa na mumewe amekaa bure. Watu wa benki waliokuja kumshawishi afungue akaunti ya mkopo miaka ya baadaye walikuwa na ratiba ya kulipa kila tarehe 30, na yeye aliwauliza kwa utulivu kabisa tarehe 30 mwezi utakuwa na umri gani.

Kwa kuwa hakuandika, alitunza kumbukumbu kwa kamba. Ukichukua nguo kwa mkopo, alikata ukanda mwembamba wa upana wa kidole kutoka ncha ya nguo ileile uliyochukua, akaufunga kwenye kamba ya katani iliyoning'inia ndani ya mlango wa chumba chake, na katika ukanda huo akapiga mafundo kwa idadi ya awamu mlizokubaliana. Ulipolipa awamu moja, alifungua fundo moja mbele yako. Ulipomaliza, alikupa ule ukanda mkononi uende nao. Ninaweza kuiona kamba hiyo sasa hivi: urefu wake ulitoka kwenye komeo mpaka karibu na sakafu, imejaa vipande vya kila rangi, vingine vimefifia, na upepo wa ziwa ulipoingia mchana vilicheza vyote kwa pamoja. Watoto tulikatazwa kuigusa. Wanawake waliotembelea nyumba waliitazama kwa jicho la pembeni, kila mmoja akitafuta nguo yake na nguo za jirani zake.

Nilipomaliza darasa la saba mwaka 1991 na kuanza kumsaidia, nilinunua kaunta buku jipya na kuhamishia humo madeni yote, nikiwa na fahari ya mtu aliyeletea nyumba maendeleo. Tulikaa usiku mzima, yeye anashika ukanda, anataja jina, mimi naandika. Baada ya miezi minne tulilinganisha. Daftari langu lilikuwa na makosa matatu, na kamba yake ilikuwa na kosa moja, ukanda ambao panya alikuwa ameukata. Tukaendelea kutumia vyote viwili.

Nimetangulia mbele, nirudi miaka ishirini nyuma. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba, Wahindi wengi walianza kuondoka nchini, na miaka miwili baadaye yule mwenye duka naye alifunga safari ya kwenda Kanada. Kabla ya kuondoka alimwita Bibi na kumwachia mali iliyobaki rafuni, majora ya kaniki na khanga, akamwambia fedha yake ampelekee ndugu yake aliyebaki Dar es Salaam, atakapoweza. Bibi alilipa kwa miaka mitatu, kwa mikono ya watu waliopanda treni. Risiti ya mwisho ilirudi imeandikwa kwa Kiswahili, kwa penseli, na ipo katika sanduku lake hadi leo.

Kuanzia hapo biashara ya nguo ikawa ya mashirika ya umma. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kilitoa khanga na vitenge vizuri, na mikoani vilifika kupitia kampuni ya biashara ya mkoa, ambayo kila mtu aliiita RTC. Bibi aliziheshimu sana nguo za Urafiki. Aliposhika ya kwanza aliinusa, akaikunja, akasema wafumaji wake wana mkono. Lakini kuzipata kulihitaji kibali, na vibali havikutembea kwenye mitaa ya wageni. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokwisha, uhaba ukawa mkali. Ilifika mahali maiti ikakosa sanda madukani, na mama zetu wakagawana khanga, kila mtu kipande kimoja cha doti.

Katika miaka hiyo sitaficha kwamba vitenge vya Zaire vilivuka maji usiku, na kwamba vingine vilipita mikononi mwa Bibi. Wanaosema magendo hawajasema uongo mtupu. Ila wamekosea wanapodhani kwamba hayo ndiyo yaliyomtajirisha, kwa sababu ndiyo yaliyomfilisi. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, watu walitupa mali zao ziwani na vichakani kwa hofu. Bibi hakutupa. Walikuja watu wa ofisi fulani, wakachukua kila kitambaa kilichokuwa ndani ya nyumba, pamoja na khanga alizokuwa na karatasi zake halali, wakasema ni kwa uchunguzi, na hakikurudi hata kimoja. Aliulizwa kwa siku mbili kuhusu utaifa wake, ingawa cheti chake cha uraia kilikuwa mezani mbele yao. Kati ya mali ile iliyokwenda, zaidi ya nusu haikuwa yake. Ilikuwa mali kauli.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, alipopanda kweli, wakati ambapo macho ya watu yalimwona akianguka. Aliwatembelea wenye mali mmoja mmoja, watu tisa, kabla hawajasikia kwa wengine. Hakuomba asamehewe. Aliwaambia kilichotokea na idadi ya kila mmoja, akapiga mafundo katika kanda tisa, safari hii akizikata kutoka kwenye nguo aliyoivaa mwilini, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Alikaanga mihogo Ujiji sokoni, akauza mawese kwa kibaba, akafua nguo za watu. Serikali ilipolegeza masharti mwaka 1984 na kuruhusu wenye fedha zao kuagiza bidhaa, na Mzee Mwinyi alipoingia madarakani mwaka uliofuata milango ikafunguka zaidi, wafanyabiashara waliokuwa wanapata mizigo Dar es Salaam walitafuta mtu wa kuwauzia Kigoma. Saba kati ya wale tisa walimtaja yeye. Mmoja alimtumia robota zima la vitenge kwa treni, bila kumdai hata shilingi ya kwanza, wakati mafundo yake yalikuwa bado mawili hayajafunguliwa.

Treni hiyo ndiyo iliyotulea. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,250, mwendo wa siku mbili au zaidi kutegemea hali ya njia na injini. Nilipokuwa msichana nilijua kelele za kila behewa. Marobota yalishushwa yakiwa yamebanwa kwa mikanda ya chuma, vumbi la Tabora na la Uvinza likiwa limekaa kwenye magunia yake, na Bibi alisimama kando akitazama mshono wa gunia kuona kama umeguswa njiani. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 alikuwa na chumba cha duka pale Mwanga, mafundi wanne wenye vyerehani barazani, na wanawake kama kumi na tano waliochukua kwake kwa kauli na kupeleka kwenye minada ya vijijini. Wengi wao walikuwa waliovuka kama yeye, kutoka Burundi na Kongo. Hakuwapendelea kwa hilo. Aliyevunja ahadi mara mbili bila kuja kujieleza, ukanda wake ulibaki kwenye kamba na hakupewa tena, awe ametoka Uvira au amezaliwa Ujiji.

Kosa kubwa la duka letu nililifanya mimi, mwaka 2004. Nilikuwa nimeshaanza kusafiri mwenyewe kwenda Kariakoo, na muuzaji mmoja wa jumla, ambaye sitamtaja, alinionyesha vitenge vya waksi kwa bei iliyonifanya nisifikiri. Waksi ya kweli, kama ile ya Vlisco, kampuni iliyoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, huchapwa kwa utomvu pande zote mbili, kisha nguo ikatiwa rangi, na utomvu ukipasuka rangi hupenya katika nyufa na kuacha mishipa midogo ambayo haifanani popote. Ndiyo maana nyuma yake ni kama mbele yake. Vile vya juu ya robota vilikuwa hivyo. Vya ndani vilikuwa vimechapwa upande mmoja kwa mashine, mishipa ikiwa imechorwa, na kila baada ya mkono mmoja mishipa ileile ilijirudia. Sikufungua mpaka chini. Sikulowesha ncha. Sikuchoma uzi, ilhali nilifundishwa tangu nina miaka kumi na miwili kwamba uzi wa pamba huungua kama karatasi na kubaki jivu, na ule wa nailoni huyeyuka ukaganda kama ushanga.

Tulikuwa tumeshauza nusu wakati wanawake walipoanza kurudi na nguo zilizochuja. Nilitaka kuwaambia, na ilikuwa kweli, kwamba nami nilidanganywa. Bibi aliniambia: «Wao hawamjui huyo wa Kariakoo. Wanatujua sisi.» Tulirudisha fedha kwa kila aliyekuja, na kwa wale wasiokuja alinituma nikawatafute, wengine mpaka Heru Juu. Mabaki tuliyauza kwa watengeneza magodoro kwa bei ya hasara, tukiwaambia wazi ni nini. Ilituchukua mwaka mzima na miezi miwili kuziba pengo hilo.

Sasa vitenge vingi tunavyouza vimetengenezwa China, na sioni sababu ya kuvidharau. Vipo vilivyo pamba safi, vyenye rangi inayovumilia jua, na mama wa kijijini anaweza kumshonea binti yake gauni la kipaimara bila kuuza mbuzi. Kinachonisikitisha ni kitu kingine. Filtisaf ya Kalemie ilifungwa, na mji ambao babu wa mama yangu aliunga nyuzi zake sasa unangoja nguo kutoka upande wetu. Mara ya kwanza nilipopakia mzigo wa kwenda huko, Bibi alikuwa hai bado, amekaa kwenye kiti chake cha ukindu. Alitaka kila pisi ipite mikononi mwake kabla haijafungwa. Alizipitisha zote, pisi mia moja na ishirini, ikamchukua kuanzia asubuhi hadi baada ya alasiri, na akazitoa nne alizosema hazifai kupelekwa nyumbani.

Mteja wangu mkubwa wa Kalemie leo ni mwanamke ambaye sijawahi kuonana naye. Nilipewa jina lake na mama mmoja wa mji wa Baraka aliyewahi kuchukua kwetu. Huniagiza kwa ujumbe wa sauti, akisema anataka bikwembe bya rangi ya majani, bya kuvaa kanisani, na hulipa boti linaporudi, si kabla. Wanangu wanasema nimdai nusu kwanza, kwa njia ya simu, kama wafanyavyo wengine. Ameshachukua mara tano na kulipa mara tano, mara moja akichelewa siku tisa kwa sababu ziwa lilichafuka, na alinijulisha siku ya kwanza. Ukanda wake upo kwenye kamba, wa kijani, na una mafundo matatu. Boti la wiki hii linaondoka Kibirizi kesho jioni, na bado sijafunga marobota mawili.